Waimbaji Waliocheleweshwa

Toleo hili tumelitenga makusudi kwa ajili ya watu waliotumia ujana wao kuwatengenezea wengine nyimbo, ama kwa kuitikia, ama kwa kupiga ala, ama kwa kutunga mashairi yaliyoghaniwa na midomo mingine, ama kwa kukesha mbele ya mitambo ya kurekodia, kisha, umri ulipokwisha kwenda, wakasimama mbele ya hadhira wakaimba kwa majina yao wenyewe. Habari zao aghalabu husimuliwa kama miujiza. Msimulizi hustaajabu kwamba bibi wa miaka sabini bado ana sauti, huisifu subira yake, hutia tamati kwa kukumbusha kwamba subira yavuta heri, na msikilizaji hurejea kwake na moyo mkunjufu. Naona usimulizi huo, ijapokuwa una nia njema, una dhuluma ndani yake, maana muujiza hauna mtu wa kuulizwa kwa nini ulikawia, ilhali kukawia kwa wengi katika waimbaji hawa kulikuwa na sababu zinazojulikana, na sababu hizo zilikuwa na wenyewe.

Natutazame kadhia moja kwa karibu. Mwezi wa Julai 1962, katika mji wa Los Angeles, Marekani, mtayarishaji wa santuri Phil Spector alikuwa na wimbo mkononi ulioitwa “He’s a Rebel”, utungo wa Gene Pitney, naye alikuwa na haraka kubwa kwa kuwa kampuni nyingine ilikuwa mbioni kuutoa wimbo huo huo. Kundi lake la wasichana, The Crystals, lilikuwa New York, ng’ambo ya pili ya bara. Hakulingoja. Alimwita binti wa mchungaji, Darlene Wright, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Darlene Love, pamoja na wenziwe wa kundi la waitikiaji lililoitwa The Blossoms. Wakaingia katika studio ya Gold Star, wakaimba, wakalipwa ujira wa kazi, wakaenda zao. Santuri ilipotoka ilichapwa jina la The Crystals, na ilipofika Novemba mwaka ule ule ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza katika Marekani nzima. Mwenye sauti alikuwa akiisikia redioni ikitajwa kwa jina la watu wengine. Na hao wengine nao, kila walipopanda jukwaani, iliwalazimu kuimba wimbo uliowapa sifa bila ya wao kuurekodi, wakijitahidi kuiandama sauti ya mtu asiyekuwapo. Dhuluma iliwafika wote wawili, wa mbele na wa nyuma, na faida ikabaki kwa aliyekuwa katikati yao.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kauli hiyo ni ya haki sokoni ambako mwenye mali na muuzaji ni mtu mmoja. Chema cha Darlene Love kilijiuza kweli kweli, ila kilijiuza kwa jina lisilo lake na thamani yake ikaingia katika mfuko usio wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke huyo, ambaye pamoja na The Blossoms alikwisha kuitikia nyuma ya Elvis Presley katika kipindi chake mashuhuri cha televisheni cha mwaka 1968, alikuwa akisafisha nyumba za watu ili apate riziki. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa siku moja katika bafu la tajiri, akisugua, redio ikapiga wimbo wa Krismasi alioimba mwaka 1963, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimtoka mtu aliyekuwa amemsahau. Na hapo ndipo alipoazimia kurudi. Tangu mwaka 1986 hadi 2014 aliuimba wimbo huo karibu kila mwisho wa mwaka katika kipindi cha televisheni cha David Letterman. Mwaka 2011 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, na mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 74, alitoa santuri iliyoitwa Introducing Darlene Love, iliyomtambulisha kwa ulimwengu miaka 53 baada ya ulimwengu kuicheza sauti yake. Subira alikuwa nayo, wala sina nia ya kumpunguzia sifa hiyo. Lakini nauliza: katika miaka hiyo yote heri ile ilivutwa kwa nani?

Inafaa nieleze namna kazi hii inavyolipwa, kwa sababu wapenzi wengi wa muziki hudhani kwamba kila sauti isikikayo katika wimbo hula katika pato la wimbo. Mwitikiaji wa studio aghalabu hulipwa kwa kikao, kama alipwavyo kibarua kwa siku yake, na akishapokea ujira wake hana tena dai. Mrabaha kwa sehemu kubwa huwaendea mwenye jina lililochapwa juu ya santuri na waliotunga wimbo. Basi jina juu ya jalada si pambo wala si ghururi ya msanii apendaye kutajwa. Ni hati ya mali, na asiyetajwa hana ushahidi wa kushika mbele ya yeyote. Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Katika taarabu yetu, mwenye kutunzwa ni aliyesimama mbele. Noti hutiwa mkononi mwake huku wanaoitikia nyuma yake wakiendelea kuitikia, na mtunzi wa shairi linalowaliza watu ukumbini pengine hatajwi usiku kucha.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwani ina adabu na elimu yake, na watu huizungumza kana kwamba ni chumba cha kungojea. Wanawake watatu husimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Mwenye sauti nzito ya kupasua hurudi hatua moja nyuma, mwenye nyembamba husogea, na hakuna anayewaamuru, masikio yao ndiyo yanayowapanga. Herufi ya mwisho ya neno hukatwa na wote kwa pamoja, maana mmoja akiiburuza kwa nukta moja tu mkarara wote huchafuka. Pumzi hupokezanwa: huyu huvuta katikati ya neno ambapo mwenziwe anashikilia, na yule huvuta baadaye, hata msikilizaji akadhani kwamba waimbao hawana mapafu ya binadamu. The Blossoms walitafutwa na watayarishaji wengi wa Los Angeles kwa sababu waliweza kuibadili rangi ya sauti zao kwa kadiri ya kila wimbo ulivyotaka. Ubora wa mwitikiaji ni kutosikika peke yake. Na hapo ndipo penye uzito kwa mtu atakaye kuhamia mbele baada ya miaka thelathini, kwani anatakiwa auoneshe ule ule upekee aliokuwa akilipwa kuuficha. Wengi walioshindwa hawakushindwa kwa uhaba wa sauti, bali kwa sababu kila walipofungua kinywa walikuwa wangali wakimpisha mtu ambaye hayupo.

Sharon Jones alimaliza safari hiyo, na namna alivyoimaliza yatufundisha jambo. Alizaliwa mwaka 1956 katika mji wa Augusta, Georgia. Akaimba kanisani na arusini, akafanya kazi ya askari wa gereza la Rikers Island huko New York, na ya mlinzi wa gari la kubebea fedha za benki. Watu wa santuri, kwa maelezo yake, walimwona mweusi mno, mfupi mno, mnene mno, na baadaye mzee mno. Mwaka 1996 aliitwa studio kumwitikia mwimbaji Lee Fields. Wanawake watatu walitakiwa siku ile. Wawili hawakuja, naye akaziimba sauti zote tatu peke yake. Waliokuwapo walisikia, wakamwomba aimbe wimbo wake mwenyewe, na ushirika uliotokana na siku ile ukazaa santuri yake ya kwanza pamoja na bendi ya The Dap-Kings mwaka 2002, naye ana miaka 46. Alikuwa na sauti ile ile alipokuwa na miaka 26. Kilichozidi mwaka 1996 ni kuwako kwa watu chumbani waliokuwa tayari kusikia, na bendi iliyokubali kusimama nyuma yake kwa miaka, mpaka alipofariki mwezi wa Novemba 2016.

Ibrahim Ferrer wa Kuba naye husimuliwa kama muujiza kuliko wote. Alikuwa kwa miaka mingi katika bendi ya Pacho Alonso, akiimba yale aliyopangiwa, ilhali moyo wake ulikuwa katika bolero, nyimbo za mahaba ziendazo taratibu, ambazo aliambiwa kwamba sauti yake haizifai. Katika uzee wake alikuwa aking’arisha viatu mjini Havana. Mwaka 1996 wapigaji wa Mali walikuwa wamealikwa kwenda Havana kurekodi pamoja na Wakuba, nao hawakufika. Nafasi ikabaki tupu, wazee wa mji wakatafutwa kuijaza, na mwanamuziki Juan de Marcos González akaenda kumchukua Ferrer. Santuri iliyotokana na kazi hiyo, Buena Vista Social Club, ilitoka mwaka 1997. Mwaka 1999 akatoa yake mwenyewe, na ndani yake mna bolero zile zile alizokatazwa. Na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Latin Grammy ya msanii mpya, akiwa na miaka 73. Mimi nizisikilizapo bolero hizo hustaajabu jinsi anavyozisema polepole, kama mtu asiyekuwa na haja tena ya kumshawishi yeyote, na siamini kwamba angeweza kuziimba hivyo alipokuwa na miaka 30. Lakini siwezi kusahau kwamba lau wale wa Mali wangefika siku yao, yamkini brashi na dawa ya viatu vingebaki mkononi mwake hadi mwisho. Je, wako wangapi wengine mjini Havana, na Kinshasa, na Tanga, ambao wageni hawakukosa kufika ili nafasi iwapate?

Na kwetu pwani tunaye Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu wake. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akawa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Akaingia mjini mnamo mwaka 1911, wakati ambao wenzake wengi wa umri ule walikwisha kukata tamaa ya jambo jipya. Na mwaka 1928 alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi alikuwa akikaribia miaka 50. Wanaomtaja husifu kipaji, na kipaji alikuwa nacho adhimu. Ila mjini alipata pia watu wa kumfunza na wa kumpigia, akina Mbaruku, Budda bin Mwendo, Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban, mafundi wa fani ambao hawakuona aibu kukaa pamoja na mwanamke wa shamba aliyeanza ukubwani. Na santuri zilipotoka Bombay jina lililochapwa juu yake lilikuwa lake.

Kwa insafu niwataje pia walioichagua nyuma kwa hiari. Mwitikiaji Lisa Fischer alitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka 1992 kwa wimbo wake mwenyewe, na mlango wa mbele ulikuwa wazi kwake. Akaendelea kuimba pamoja na kundi la Rolling Stones kwa miaka mingi, na hakuna mwenye haki ya kumhurumia. Lakini kuchagua ni kwa mtu aliyepewa mambo mawili, na wengi katika tunaowazungumza hawakupewa ila moja.

Wala simwambii msomaji wa miaka 50 au 60, mwenye wimbo kifuani, kwamba umri hauchukui kitu. Gegedu za koo hukakamaa, mapafu hupoteza mnyumbuko wake, sauti ya mwanamke hushuka na ya mwanamume katika uzee mkubwa huenda ikapanda na kuwa nyembamba. Mwimbaji mwenye akili huuteremsha wimbo ngazi moja au mbili, hukata sentensi fupi zaidi, huacha mahali pa kupumua, na katika nafasi hiyo huingia jambo ambalo kijana mwenye pumzi ndefu halifikirii. Atafute kwanza watu wa kumpigia, kabla ya jukwaa na kabla ya mavazi. Na kabla ya kuimba neno moja mbele ya mtambo wa mtu, aandikiwe ni jina gani litakalochapwa.

Sisi nasi tuna deni. Gazeti hili limehakiki santuri na kanda kwa kumtaja aliye mbele peke yake, kama wafanyavyo wenzetu wote. Kuanzia toleo hili, kila tuhakikipo wimbo tutachapa majina ya waitikiaji, ya wapiga ala, ya mtunzi wa shairi na ya fundi mitambo pamoja na jina la mwimbaji, kwa herufi za ukubwa ule ule. Na ambapo jalada halikuyataja tutamwandikia aliyeitoa kazi na kumwuliza, na jibu lake tutalichapa, au tutachapa kwamba hakujibu. Ama kwa kazi za zamani, ndugu wasomaji wa Unguja na Pemba, Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, mnaojua ni nani aliyeitikia katika wimbo gani, na ni shairi la nani lililoimbwa bila ya kutajwa mwenyewe, tunawaomba mtuandikie sasa, wangali hai wenyewe.