Namba Ukutani Haitoshi

Tunduma iko mbali na visiwa vyetu, lakini yanayopita Tunduma hayakawii kutufikia. Mwaka 1876 Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, alitoa kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Alionesha jinsi maradhi hayo yalivyofuata njia za misafara ya biashara kutoka bara hadi yakaingia Unguja mwaka 1869. Misafara ya leo ni malori na treni, na Tunduma ndiyo lango: hapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka mpaka wa Zambia, nchi ambayo kipindupindu kilichozuka Oktoba 2023 kiliua mamia ya watu.

Kabla ya Sensa ya Agosti 23, 2022, Serikali iliendesha kazi kubwa ya kuipa mitaa majina na nyumba namba. Tunaipongeza kwa dhati. Hata hivyo, namba ya ukutani humfaa yule tu aliyekwisha kufika mlangoni. Ni kweli kwamba anwani zimo katika mfumo wa NaPA; lakini simu huishiwa chaji na mtandao hukatika. Ramani ya karatasi haizimiki.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 500 katika kitongoji kimoja cha London, Daktari John Snow aliwafuata waliofiwa akiwauliza maji yao yalichotwa wapi. Mpini wa pampu ya Broad Street ukang'olewa. Baadaye alichapisha ramani yenye alama penye kila nyumba iliyofiwa, na kila aitazamaye huona alama zilivyoizunguka pampu ile.

Kwa hiyo, tunawasihi viongozi wa Halmashauri ya Mji wa Tunduma, na wenzao wa Unguja na Pemba, wahakikishe kuwa kila ofisi ya mtaa, au shehia kwa huku kwetu, na kila kituo cha afya kina ramani iliyochapwa yenye namba za nyumba zote. Mgonjwa akipatikana, bwana afya atie alama penye nyumba yake na penye kisima anachochota maji. Majina ya wagonjwa yasiandikwe, kwani tunasaka maradhi, wala si watu.

Tusingoje alama hizo zichorwe makaburini.