Mtoto Aelezwe Maana ya Sala Yake

Wengi wetu twawajua Wahindi kwa maduka yao tu, tukidhani ya kuwa wote ni wa dini moja. Sivyo. Miongoni mwao wamo Wajaini, ambao hawali nyama, samaki wala mayai, kwa kuwa dini yao yawakataza kudhuru kiumbe cho chote chenye uhai. Baadhi ya Wajaini wa Afrika Mashariki walihamia Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970. Katika mji wa Leicester waligeuza jengo lililokuwa kanisa zamani kuwa hekalu lao, likawekwa wakfu mwaka 1988.

Kwa desturi watawa wa Kijaini husafiri kwa miguu. Hawapandi gari wala meli. Kwa hiyo ni wachache mno waliovuka bahari, na kazi ya kufundisha watoto ugenini imewaangukia wazazi. Mara nyingi siku ya Jumapili, baba mwenye duka au mama muuguzi husimama mbele ya watoto katika darasa liitwalo pathashala, yaani chuo cha dini. Vyama vya Wajaini wa Marekani na Kanada viliungana mwaka 1981, na muungano huo hutoa vitabu vya masomo hayo kwa Kiingereza.

Lakini kuna shida. Sala yao kuu, Navkar, ni ya Kiprakriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Mtoto husema Kiingereza, bibi yake Kigujarati, na sala ina lugha yake ya tatu. Je, mtoto akariri tu, maana ataijua akikua?

Mimi nakataa, na sababu ninayo. Nilipokuwa na miaka kumi nilikariri katekisimu kwa Kiswahili, nikapewa zawadi. Jioni ile bibi yangu, asiyejua Kiswahili, aliniomba nimweleze kwa lugha ya kwetu maana ya neno "neema". Sikuweza. Niliona haya, na zawadi yangu sikumwonyesha.

Sisemi kukariri kuachwe. Maneno yale ningali nayo, na leo yanifaa. Nasema maneno na maana yaende pamoja siku ile ile. Mtoto akiambiwa kwamba Navkar haimtaji mtu ye yote kwa jina, bali yaheshimu wote waliofuata njia njema, ataelewa mara moja. Tena mwisho wa siku za Paryushan, Wajaini huombana msamaha wakisema "Micchami Dukkadam". Mtoto asiyejua maana atayasema kama kasuku. Ajuaye atamwendea mwenzake aliyempiga.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wajaini hawali samaki, lakini naamini methali hiyo wataipokea!

Nanyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, wengi wenu sasa mwalea watoto mijini, mbali na bibi zao. Msiuachie ubao wa shule kazi yote. Leo jioni mwulizeni mtoto maana ya sala anayoisali. Akinyamaza, msimkemee, ketini naye mumweleze. Nanyi mkishindwa kueleza, basi jifunzeni pamoja naye.