Mgeni Si Mfalme

Yapo maneno yanayopendeza masikioni kabla hayajapimwa akilini, na mojawapo ni lile lisemwalo katika maduka na mahoteli ya miji yetu, kwamba mteja ni mfalme. Mameneja huwafundisha watumishi wapya neno hilo siku ya kwanza ya kazi. Na mgeni mwenyewe, akicheleweshewa kahawa kwa dakika tano, hulichomoa kama askari achomoavyo upanga alani. Mimi nasema kwamba neno hilo ni baya. Limeharibu tabia za wageni, limewadhili watumishi, na, jambo ambalo wengi hawalioni, limewanyima heshima wageni wale wale ambao linajidai kuwatukuza. Nitaonyesha sababu zangu, na msomaji awe mwamuzi.

Sisemi kwamba mgeni aliyelipa hana haki. Anayo, tena kubwa. Mtu anayelipa kwa usiku mmoja fedha ambazo kibarua wa shambani huenda asizipate kwa mwezi mzima, anastahili kukuta shuka safi zilizopigwa pasi, maji ya moto bombani, mlango unaofungika barabara, chakula kile kile alichoagiza, na hesabu isiyotiwa vitu asivyovila. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Asiyepewa hayo na alalamike, tena alalamike waziwazi, maana kunyamaza si adabu. Ni kumfundisha mwuzaji uvivu. Lakini haki ya mnunuzi ni kitu kimoja, na enzi ya mfalme ni kitu kingine. Mnunuzi hudai alichonunua. Mfalme hadai, huamuru, na anayeamriwa hana neno.

Fundisho hili halikuzaliwa kwetu. Mmoja wa walioshiriki sana kulieneza ni César Ritz, mwana wa wakulima wa kijiji cha Niederwald katika nchi ya Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1850. Alianza maisha kwa kazi za chini za hotelini, na bwana mmoja aliyemfundisha kazi alimfukuza akimwambia kuwa hatafaa kitu katika biashara hiyo. Akapanda daraja kwa daraja hata akafungua, mwaka 1898, hoteli yenye jina lake mjini Paris, ambako wageni waliona ajabu ya vyumba vyenye bafu zake. Kwake mgeni hakosei kamwe. Alikuwa fundi hodari, na sipunguzi sifa zake. Ila tazameni yaliyompata. Mwezi wa Juni mwaka 1902 alikuwa London, katika hoteli ya Carlton aliyoiongoza, akitayarisha karamu za kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Siku mbili kabla ya sherehe, mfalme akaugua tumbo akapasuliwa, na sherehe ikaahirishwa. Ritz akaanguka kwa uchovu na fadhaa, wala hakuirudia afya yake kamili mpaka alipofariki mwaka 1918. Mtu aliyefundisha watu kumfanya mgeni mfalme alivunjwa na mfalme wa kweli, ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuugua.

Nchini kwetu fundisho hilo lilikuta shamba lililokwisha kulimwa na ubaya mwingine. Zama za ukoloni Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za Nairobi kwa mlango wa nyuma, amebeba sinia au ndoo ya maji, na hata akiwa na mvi na wajukuu aliitwa "boi" na kijana aliyeshuka melini juzi. Neno hilo liliota mizizi hata likawa la Kiswahili. Ubaguzi ule wa wazi uliondoka, uhuru ukaja mwaka 1963, na leo mlango wa mbele u wazi kwa kila mtu. Lakini kiti cha enzi hakikuvunjwa. Kilibadilishwa mwenye kukikalia tu. Zamani alikikalia mwenye ngozi nyeupe. Leo hukikalia mwenye fedha, au mwenye kuonekana kuwa nazo, na wengi wa wenye kukikalia ni watoto na wajukuu wa wale walioitwa boi.

Niruhusiwe kusimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa, aliitwa Nairobi na chama chao cha ushirika kwa mkutano wa siku mbili, na chama kikamlipia chumba katika hoteli moja kubwa ya mjini. Jina la hoteli sitalitaja, maana haikuwa mbaya kuliko wenzake. Nilifuatana naye. Alivaa koti lake la Jumapili na akala miguuni, kwa kuwa miguu iliyozoea udongo kwa miaka sabini haivumilii viatu vya kubana. Mlangoni bawabu aliwafungulia mabwana wawili waliotutangulia, akawainamia na kuwaambia, "Karibuni sana, mabwana." Tulipofika sisi, akaushika mlango kwa mkono, akamwuliza baba mdogo, "Mzee, unamtafuta nani?"

Baba mdogo hakukasirika. Alijibu kwa upole, "Mwanangu, simtafuti mtu. Nimekuja kulala."

Kiondo chake kikapekuliwa hata ndizi mbivu alizochukua kwa safari zikatolewa moja moja. Sipingi upekuzi, nchi iliyoyaona mabomu ya Agosti 1998, na hoteli iliyoshambuliwa Nairobi Januari 2019, haiwezi kuacha milango yake bila ulinzi. Lakini mifuko ya wale mabwana wawili ilipita bila kuguswa, na bomu, kadiri nijuavyo, halina desturi ya kusafiri katika kiondo peke yake. Ndani, karani wa mapokezi alinisemesha mimi kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha mzee, kana kwamba mzee ni mzigo niliouleta: je, na huyu naye atakaa? Kabla sijajibu, bwana mmoja alitoka katika lifti akiwa amekwapua mto wa kitanda, akaupiga juu ya meza ya mapokezi. Mto ule, alisema, ulikuwa laini mno. Akauliza kama watu wa pale walijua yeye ni nani. Watumishi watatu wakakimbia, meneja akatoka ofisini akisugua mikono, na karani wetu akatuacha tumesimama. Tulisimama muda wa kutosha kuhesabu taa zote za dari. Baba mdogo ndiye aliyezihesabu. Zilikuwa arobaini na mbili.

Mtu mwepesi wa kuhukumu ataona hapa makosa mawili: bawabu na karani wenye dharau, na mgeni mwenye kiburi. Mimi naona kosa moja. Mtumishi aliyefundishwa kwamba mgeni ni mfalme hana budi, kila mtu atokeapo mlangoni, kujiuliza kwanza: je, huyu ni mfalme? Na kwa kuwa wafalme hawatembei na vyeti, atamtambua kwa nini, isipokuwa kwa gari lake, viatu vyake, lafudhi ya Kiingereza chake na rangi ya ngozi yake? Ufalme hauwezi kuwa mali ya wote. Palipo na mfalme hapana budi pawe na raia, na aliyevaa akala huangukia upande wa raia hata kama chumba chake kimelipiwa sawasawa na cha mwingine. Wala wenye hoteli wasidhani kwamba jambo hili ni la desturi tu. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, na katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, pamoja na rangi, dini na lugha, yametajwa mavazi. Tena marufuku hiyo haiifungi serikali peke yake, bali na mtu kwa mtu. Waliotunga Katiba walijua habari za milango kama ule.

Asubuhi, wakati wa chai, nikaona upande wa pili. Bwana wa mto alikuwa meza ya jirani. Alimwita mwandikaji wa meza kwa kugonga kikombe kwa kijiko, akairudisha chai mara tatu: mara imepoa, mara ni nyepesi, mara kikombe kina alama. Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya haki. Chai ilikuwa imepoa kweli, nami ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Lakini mara ya tatu alimwambia mtu yule, mbele ya watu, kwamba wenye akili kama zake hawastahili kazi ila ya kuchunga mbuzi. Mwandikaji alikuwa mtu mzima, umri wa baba wa yule bwana. Alisema, "Samahani, bwana," akatabasamu. Tabasamu lile lilinisumbua kuliko tusi. Mtu hatabasamu hivyo kwa hiari yake. Alifundishwa, na pengine alijua kwamba asipotabasamu, zamu yake ya kesho itapewa mwingine.

Wageni wachache hufikiri habari za watu hawa. Anayekuletea chai saa kumi na mbili asubuhi ameamka saa tisa za usiku, akapanda matatu gizani kutoka mitaa ya mbali. Mwanamke anayetandika kitanda chako ana vyumba kumi au zaidi vya kumaliza siku hiyo, na kila godoro hulinyanyua kwa mgongo wake mwenyewe. Katika malipo ya chumba umenunua kazi ya mikono yao, ustadi wao na saa zao. Heshima yao hukuinunua, kwa sababu haikuwa katika bei, wala mwenye hoteli hakuwa na mamlaka ya kuiuza; Ibara ya 28 inasema ni ya kila mtu kwa kuzaliwa kwake. Na bakshishi haiifuti dharau. Yule bwana aliacha noti ya shilingi elfu moja chini ya kisahani, nami nina hakika alitoka akijiona mkarimu.

Lugha yetu ilikuwa na mawazo bora kuliko haya. Mgeni kwetu ni mtu wa kupokewa, naye huambiwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Lakini ni huyo huyo ambaye siku ya tatu hupewa jembe. Alikuwa na haki na alikuwa na wajibu. Hakulichambua jiko la mwenyeji wake, wala hakuwatuma watoto wa nyumba ile kwa kuwapigia vidole. Najua kwamba anayelipa hadaiwi jembe. Baba mdogo, kwa mazoea, alitandika kitanda chake mwenyewe alfajiri, na mtumishi wa chumba akadhani hakikulaliwa. Tulicheka sana, wala simwombi mtu amwige. Ninachosema ni kwamba fedha humwondolea mgeni jembe, hazimwondolei adabu.

Watajibu wenye hoteli kwamba biashara ni ngumu, kwamba watalii wana nchi nyingi za kuchagua, na kwamba mgeni asiponyenyekewa hapa atakwenda kunyenyekewa kwingine. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana maelfu ya nyumba hula kwa kazi hii. Lakini inachanganya unyenyekeo na ustadi. Mgonjwa humlipa daktari, wala hamwiti kwa kugonga kijiko. Abiria wa ndege humlipa rubani fedha nyingi kuliko za chumba, na rubani akisema mikanda ifungwe, mfalme wetu huyu hufunga mkanda wake kimya. Kwa nini? Kwa sababu amekubali kwamba yule ni fundi wa kazi yake. Na anayehudumia meza ni fundi pia. Tangu mwaka 1975 nchi yetu ina Chuo cha Utalii, kando ya barabara ya Thika, ambako vijana husomea upishi, mapokezi na utunzaji wa vyumba. Baadhi yenu msomao kitabu hiki mtapita huko. Mtafundishwa kubeba sahani nne kwa mkono mmoja, na ni vema mjifunze. Lakini siku mtakapoongoza hoteli, mpeni mtumishi ruhusa ya kumwambia mgeni anayetukana, "Bwana, chai nitaibadilisha, tusi silipokei," naye asipoteze kazi kwa hilo. Na bawabu apekue mifuko yote, au asipekue hata mmoja.

Niliporudi nyumbani nilimwandikia meneja barua, nikamweleza habari za mlangoni na za mapokezi bila kuongeza chumvi. Nilitaja pia habari za mwandikaji wa meza. Alinijibu baada ya siku nane, kwa karatasi nzuri yenye nembo, pamoja na kadi ya chakula cha mchana cha bure kwa watu wawili. Kuhusu mwandikaji hakusema lolote. Kuhusu baba mdogo alisema anasikitika sana, na kwamba lau watumishi wake wangalijua mzee yule alikuwa mjumbe wa chama cha ushirika, wangalimpokea vingine. Nilimsomea baba mdogo barua ile. Aliniomba nirudie sentensi ya mwisho, nikairudia, kisha akaniuliza kama zile taa nazo zilizimwa usiku au ziliachwa zikiwaka bure. Kadi ingali katika bahasha yake.