Wastani usitufiche mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya takwimu za hali ya hewa. Wengi hudhani kuzifinya ili zienee katika kompyuta ni kuziharibu. Si kweli. Kompyuta hushika kipimo cha chini kabisa, kisha huandika tofauti tu ya vingine, kwa tarakimu chache. Nyuzi 23.4718 zikiandikwa 23.5 hakuna hasara; kipimajoto cha kawaida chenyewe hakioni zaidi ya hapo.

Ninacholalamikia mimi ni wastani. Takwimu za ERA5 za kituo cha Ulaya, zinazoanzia mwaka 1940, huigawa dunia katika miraba ya kilometa 31 hivi kila upande. Mlima Hanang waweza kumezwa wote na mraba mmoja, ukachanganywa na tambarare. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope la mlima huo liliua watu zaidi ya 80 huko Katesh. Mvua ya kileleni ikishachanganywa hivyo, hakuna hesabu ya kuitenganisha tena.

Naiomba Wizara inayohusika iweke vipimo vya mvua milimani, na mtu wa kuvisoma kila asubuhi, hata Jumapili. Siku ile ilikuwa Jumapili.

Msomaji wako,
Babati.