Ukisema "Kavu", Nitajie Namba

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka tuzungumzie maji, tena yale yanayojificha ndani ya chumvi. Msimamo wangu nautoa mapema: mtafiti anayetangaza matokeo ya kimiminika cha ioni bila kutaja kina maji kiasi gani, hajatuambia kitu.

Kimiminika cha ioni ni nini? Ni chumvi iliyo majimaji bila kuongezwa maji. Chumvi ya jikoni huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Lakini mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 hivi tu. Leo zipo za namna nyingi. Zinapitisha umeme, hazivukizi kirahisi, na baadhi huvumilia volti 4 hadi 6 kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana watu wa betri na kapasita wanazipenda.

Sasa tatizo. Unajua chumvi inavyolowa kwenye mkebe msimu wa mvua? Hizi nazo hunywa unyevu wa hewani, hata zile zisizochanganyika na maji. Na maji huweza kuanza kuvunjika kwa volti 1.23 tu. Katika kapasita, nishati hufuata mraba wa volti: ukipoteza nusu ya volti, umepoteza robo tatu ya nishati. Zaidi ya hayo, chumvi yenye heksafluorofosfeti ikikutana na maji huweza kutoa asidi inayokula kioo. Chumvi ya namna hiyo imo pia katika betri nyingi za lithiamu, kwa hiyo jambo hili haliko mbali na simu yako.

Kinachonikera zaidi ni kwamba maji hudanganya kwa upande wa faida. Mwaka 2000 Kenneth Seddon na wenzake walionyesha kuwa maji hupunguza sana uzito wa mtiririko wa vimiminika hivi. Kikiwa chepesi, ioni hukimbia na umeme hupita vizuri zaidi. Yaani sampuli chafu inaonekana bora kuliko safi!

Sisi wa Ruiri tunaujua mchezo huo. Gunia la mahindi la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, ukilikausha hadi asilimia 13.5, linabaki kilo 83 hivi. Karibu kilo 7 zilikuwa maji, na mnunuzi angezilipia. Tena hasara haiishii mfukoni. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu, na sumu yake, aflatoksini, iliua watu 125 huko Ukambani na maeneo jirani. Mahindi yale machoni yalikuwa chakula tu.

Je, chumvi hizi hukaushwaje? Huwekwa kwenye chupa, hupashwa moto wa nyuzi 60 hadi 80 hivi, huku pampu ikinyonya hewa, kwa saa nyingi au hata siku. Ukizidisha moto, unaweza kuunguza ulichotaka kusafisha. Wengine hutumia punje za zeolaiti zenye vishimo vinavyonasa maji, ila punje hizo huweza kuacha vumbi na ioni zake. Kisha unapima kwa njia ya Karl Fischer ya mwaka 1935: iodini humenyuka na maji kwa uwiano unaojulikana, nawe unapata idadi ya sehemu za maji katika milioni. Baada ya hapo unahifadhi ndani ya kisanduku kilichojaa argoni, kwa sababu ukiacha wazi, chumvi inaanza kunywa tena.

Mtaniambia: vifaa ni ghali, na stima ikipotea usiku pampu inazima. Kweli kabisa. Lakini sidai kila maabara ifikie sehemu 20 katika milioni. Nadai iandike ilipofika. Anayesema "maji sehemu 800" amenipa kitu cha kurudia na kulinganisha. Anayesema "tuliikausha usiku kucha" amenipa hadithi. Mimi nikiandika programu ya kutunza data za maabara, kisanduku cha kiasi cha maji hakitakubali kubaki tupu. Hujajaza, huhifadhi!

Kenya tayari tunaunganisha pikipiki za umeme. Siku tukitaka kutengeneza seli zenyewe za betri, vita vya kwanza vitakuwa na unyevu. Wanafunzi wetu wa kemia waanze sasa kuiheshimu hiyo namba, na wanaogawa pesa za utafiti wanunue kifaa cha kupimia kabla ya kununua samani za ofisi.

Ndugu zangu wa maabara, mnasemaje? Nasubiri maoni yenu, hata ya kunipinga.