Kura za nyota wa NBA: kanuni ibadilishwe kwa sababu, si kwa kelele

Kila mwezi wa pili mabishano ni yale yale. Nani amestahili kuitwa nyota wa NBA, nani amesahauliwa, nani amebebwa na jina lake? Vijana wa Kasongo na wa Kabambare nao wamo katika mabishano hayo, ingawa wengi hawaoni mchezo wenyewe. Mtu ananunua mega chache, anangoja mtandao ushike, anatazama vipande vya dakika mbili, halafu siku nzima anajadili na wenzake pembeni ya kiwanja. Tunasema mabishano hayo si upuuzi. Ndani yake kuna swali linalotugusa hata sisi wa kusini mwa Maniema: nani ana haki ya kuchagua, na anachagua kwa kipimo gani?

Tuanze na yaliyotokea mwaka huu. Tarehe 15 Februari 2026, katika ukumbi wa Intuit Dome, Inglewood, karibu na Los Angeles, NBA haikutumia ule mtindo wa Mashariki dhidi ya Magharibi. Ziliundwa timu tatu: mbili za Wamarekani na moja ya Dunia. Mechi zilikuwa fupi, za dakika 12 kila moja. Mechi tatu za kwanza zilikuwa kali, kila moja iliamuliwa kwa pointi mbili au tatu tu. Timu ya Dunia ilipoteza zote mbili ilizocheza, na fainali ikawa ya Wamarekani watupu. Hapo moto ukazimika: 47 kwa 21.

Kwa nini NBA ilibadilisha? Kwa sababu mchezo wa nyota ulikuwa umegeuka maonyesho. Mwaka 2024, pale Indianapolis, Mashariki waliwafunga Magharibi 211 kwa 186. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba karibu hakuna aliyekuwa akizuia. Kabla ya hapo walijaribu manahodha kuchagua wachezaji wao, kuanzia 2018 hadi 2023. Mwaka 2020 walileta kanuni ya kumaliza mechi kwa kufikia idadi ya pointi iliyopangwa. Mwaka 2025 wakafanya mashindano madogo ya timu nne. Mwaka 2026, Marekani na Dunia. Nyumba inayopakwa rangi mpya kila mwaka, mtu ana haki ya kuuliza kama ukuta wenyewe ni mzima.

Hatupingi mabadiliko. Mpira wa kikapu umekua kwa sababu ya mabadiliko. Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, kwa sababu timu moja ilishika mpira na kukataa kucheza. Watu walilipa tiketi kuona wanaume wamesimama. Mwaka 1954 ikaja saa ya sekunde 24, na mchezo ukapona. Huo ni mfano wa kanuni nzuri: kulikuwa na ugonjwa unaojulikana, ikatafutwa dawa ya ugonjwa huo, na dawa hiyo inatumika hadi leo. Ukibadilisha dawa kila mwaka, ujue bado hujajua mgonjwa anaumwa nini.

Tuje kwenye kura. Tangu 1975 mashabiki ndio walikuwa wakichagua wachezaji watano wanaoanza kila upande. Makocha walichagua wa akiba. Mwaka 2016 Zaza Pachulia, mtoto wa Georgia na mchezaji wa kawaida tu, alibakiza kura kama 14,000 amwondoe Kawhi Leonard kati ya wanaoanza. Nchi yake na watu wa mitandao walimsukuma. NBA ikashtuka. Kuanzia 2017 kura ya mashabiki ikawa nusu, wachezaji wakapewa robo, waandishi wa habari robo. Mwaka huo huo Pachulia alikuwa wa pili kwa kura za mashabiki kati ya wachezaji wa mbele wa Magharibi, lakini hakuingia.

Wapo wanaosema hiyo ni kuwanyang'anya wananchi haki yao. Sisi tunaona ni kanuni ya haki. Shabiki ana macho na ana moyo, basi asikilizwe. Lakini anayecheza naye kila usiku anajua mambo ambayo kamera haionyeshi. Tena tukumbuke kwamba neno shabiki hapa lina maana ya mwenye intaneti. Katika vijiji vingi vya Kabambare hakuna mtandao wa kuaminika, na pesa ya mega ni pesa ya chumvi na sabuni. Sisi Wakongomani tumezidi milioni 100, lakini kwenye kura za simu hatuhesabiki kwa wingi wetu, tunahesabika kwa mtandao wetu. Kura ikiachiwa simu peke yake, anayeshinda ni mwenye umeme.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki tarehe 30 Septemba 2024, aliitwa nyota mara nane. Wastani wake katika maisha yote ya NBA haukufika pointi 10 kwa mechi. Mtu wa leo anayetazama vipande vya dakika mbili angempita bila kumwona. Lakini alizuia mitupo 3,289, na ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyemzidi. Alitajwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Katika mchezo wa nyota wa 2001, Washington, timu yake ya Mashariki ilikuwa nyuma kwa pointi 21 katika robo ya mwisho. Allen Iverson alichukua zawadi ya mchezaji bora, na alistahili. Lakini Mutombo alikuwa ameokota ribaundi 22, na Mashariki wakashinda 111 kwa 110. Anayedai kwamba ulinzi unaua mchezo wa nyota, arudi kutazama usiku ule.

Wakati wa Mutombo, karatasi ya kura ilikuwa na nafasi ya senta. Kuanzia msimu wa 2012-2013 nafasi hiyo ikaondolewa, wakabaki wa mbele na wa nyuma. Katika kura za mwaka huu hata mgawanyo huo umeondolewa: unachagua watano unaowataka. Inaonekana ni uhuru. Lakini kila kanuni ya kura ina mtoto inayempenda. Ukiondoa nafasi, unamfungulia mlango mfungaji na kumfungia anayezuia. Vivyo hivyo kiwanjani. Mwaka 2001 NBA iliruhusu ulinzi wa eneo, lakini papo hapo ikamkataza mlinzi kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Hata kile kidole cha Mutombo cha kusema hapana kilikuja kuhesabiwa kuwa dharau na kuadhibiwa kwa faulo ya kiufundi, naye akakigeuzia upande wa mashabiki.

Tangu 2002, mwaka wa mwisho wa Mutombo, hakuna Mkongomani mwingine aliyeitwa kwenye mchezo wa nyota wa NBA. Upande wa wanawake, Mwadi Mabika wa Kinshasa alikuwa nyota wa WNBA mwaka 2000 na 2002. Baada yao wamekuja Bismack Biyombo wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2022 alitoa mshahara wake wa msimu kwa ajili ya kujenga hospitali kwa kumbukumbu ya baba yake, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, bingwa wa NBA mwaka huo huo. Timu ya Dunia ni mlango mpya kwa Waafrika. Ila mlango peke yake haumfikishi mtoto ndani, kama njia ya kuufikia haipo.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Intuit Dome ni nyumba ya Los Angeles Clippers, timu ambayo tangu Septemba 2025 imekubali kuvaa tangazo la Visit Rwanda kifuani. Ni mwaka ule ule M23 waliingia Goma na Bukavu, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio 2773, likataka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia na liondoke katika ardhi ya Kongo. Kigali inakana. Serikali yetu ilikuwa imeziandikia klabu za Ulaya kuhusu matangazo hayo, na Arsenal wametangaza kwamba mkataba wao unafikia mwisho msimu huu. NBA inampa shabiki nusu ya kura kumchagua nyota, lakini kuhusu pesa inayowekwa kifuani mwa timu, shabiki wa Goma, wa Uvira au wa Kabambare haulizwi. Hatuwaambii vijana waache kutazama mpira. Tunawaambia waulize pia maswali haya kwa sauti ile ile wanayotumia kubishana juu ya LeBron James.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kumhukumu Adam Silver ukiwa Kasongo. Selekisyo zetu zinachaguliwa vipi? Timu ya teritwari inapotakiwa kwenda Kindu, nani anakaa mezani, na anaandika nini kwenye karatasi? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mara nyingi orodha inatoka usiku wa kuamkia safari, bila maelezo. Kijana aliyeokota ribaundi msimu mzima anabaki, na mwenye jina, au mwenye mjomba, anapanda gari. Kijana huyo haandiki barua ya malalamiko. Anaacha mpira. Huko Salamabila machimbo ya dhahabu yako karibu, na kwingine kuna watu wenye silaha wanaotafuta vijana wasio na kazi. Kwetu uchaguzi mbaya hauishii kwenye mabishano, unaweza kumpoteza mtoto.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji pesa nyingi. La kwanza, entente na ligi zitangaze vipimo vya uchaguzi mwanzoni mwa msimu, na kuvibandika mahali pa wazi. La pili, kura igawanywe kama NBA ilivyojifunza mwaka 2017: makocha wawe na sehemu yao, wachezaji wenyewe yao, na watazamaji yao, kwa karatasi pale kiwanjani, si kwa simu. La tatu, kila mechi iwe na mtu mmoja mwenye daftari, anayeandika ribaundi, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa, si pointi tu. Daftari na bic haviwezi kushinda klabu yoyote. La nne, wasichana wapewe kura yao, kiwanja chao na safari yao. Nchi iliyomzaa Mabika haina sababu ya kuwaacha wasichana wakae pembeni kushangilia.

Na kanuni za mchezo zisiguswe katikati ya mashindano. Januari 2025 Silver alitoa wazo la kupunguza robo ya NBA kutoka dakika 12 hadi 10. Sisi tunaocheza kwa kanuni za FIBA tumekuwa na dakika 10 kwa miaka mingi, na mpira haujafa. Wajadili, wapime, waamue kabla ya msimu. Kwetu pia iwe hivyo: kocha asije kubadilisha muda au idadi ya wachezaji kwa sababu timu yake imechoka.

NBA ina pesa ya kujaribu mtindo mpya kila mwaka na kukosea. Kasongo na Kabambare hatuna nafasi hiyo, kwani kila msimu unaoharibika unaondoka na vijana wake. Msimu ujao, kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, wasimamizi wa michezo wa teritwari zetu mbili watuonyeshe karatasi ya vipimo. Tutaisoma, na tutaiuliza tena siku orodha itakapotoka.