Linki za kununua: mpiga debe au mshangiliaji wa karata tatu?

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja kwa sura tofauti. "Mkuu, kuna jamaa anataka laki moja aniwekee linki 500 za tovuti yangu, anasema Google itanipandisha ukurasa wa kwanza. Hii ni halali?"

Nitajibu kwa ninavyoona mimi. Najua wapo watakaonibishia.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Google ilipoanza mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijenga juu ya wazo moja: mtu akiweka linki ya ukurasa wako kwenye ukurasa wake, ni kama amekupigia kura. Ukipata kura nyingi, tena za watu wanaoheshimika, unastahili kukaa juu. Siku hizi inaangalia mambo mengine mengi, ila kura hiyo bado inahesabika. Na penye kura hapakosi mnunuzi, hilo hatuhitaji kufundishwa.

Sasa watu wananiambia: mbona tangazo la redio tunalipia, mwenye wafuasi wengi Instagram tunamlipa avae gauni letu, linki ina dhambi gani? Hoja nzuri, na mimi sipingi kulipia. Nenda stendi ukamwangalie mpiga debe. Analipwa, anaita abiria mpaka sauti inakauka, na kila abiria anajua kalipwa. Hakuna aliyedanganywa. Halafu pita pembeni kwa mcheza karata tatu. Pale wapo jamaa wawili watatu wanaweka hela, wanashinda, wanashangilia. Wewe unadhani ni wapita njia wenzako, kumbe ni watu wake. Mpiga debe kalipwa, mshangiliaji naye kalipwa. Ila mshangiliaji hana kazi siku watu wakijua analipwa.

Kwangu mimi mstari uko hapo. Ukilipa blogu ya mapishi iandike kuhusu masala yako ya pilau, ikasema wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa, hayo ni matangazo safi kabisa. Hata Google haikatazi. Tangu 2019 kuna neno "sponsored" linalowekwa kwenye kodi ya linki. Mteja halioni, ila linaiambia Google kwamba hii imelipiwa, isihesabiwe kama kura. Kabla yake ilikuwepo "nofollow", tangu 2005, na mpaka leo inakubalika. Msomaji anabonyeza, anafika dukani kwako, ananunua masala. Ulichokosa ni kura tu. Kwa hiyo anayekuuzia linki 500 kwenye kurasa ambazo hakuna binadamu anayezisoma, anakuuzia kura tupu.

Mnataka mfano? Februari 2011 gazeti la New York Times liliandika habari za J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka Marekani. Msimu wa sikukuu uliotangulia, ukitafuta magauni, matandiko, mazulia, wao ndio wa kwanza. Uchunguzi ukakuta maelfu ya linki kwenye tovuti zisizohusiana hata kidogo na bidhaa zao. Kampuni ikasema haihusiki, ikamfukuza mshauri wake. Google ikaingilia kwa mkono. Jioni moja, saa moja usiku, ukitafuta samani za sebuleni J.C. Penney ni wa kwanza. Saa tatu usiku yuko wa 68. Saa mbili tu! Wao walikuwa na maduka ya matofali nchi nzima, wangeweza kusubiri. Wewe ambaye duka lako ni simu na tovuti moja, ukipotea hivyo utamlipa nini mwenye mzigo?

"Lakini wakubwa wananunua na hawaguswi." Wananunua kweli, na wengi hawakamatwi, sitawadanganya. Ila kuguswa wanaguswa. Januari 2012 Google iliushusha hata ukurasa wa Chrome, programu yake yenyewe, kwa siku zisizopungua 60, baada ya kampeni ya makala za kulipiwa kutoa linki isiyo na alama. Na hapa nina neno langu pembeni: Google naye si malaika. Matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo anayoyauza mwenyewe, kwa hiyo ni refa mwenye kibanda cha soda uwanjani. Hilo halibadilishi hoja yangu, kwa sababu anayeshangiliwa kwa uongo mbele yake si Google peke yake, ni mteja anayetafuta duka la kuamini.

Na kuna jambo linalowaumiza wadogo kuliko adhabu. Tangu 2016, mfumo wao unaoitwa Penguin, kwa sehemu kubwa, haukushushi kwa linki za hovyo. Unazipuuza tu. Adhabu ya mkono bado ipo, lakini kinachowapata wengi ni kimya. Laki imeenda, hujashushwa, hujapanda, na jamaa anakwambia subiri miezi mitatu, halafu ongeza nyingine 500.

Hiyo laki ina kazi nyingine. Picha nzuri za bidhaa. Tangazo la wazi kwa mtu ambaye wafuasi wake kweli wananunua vitu vyako. Kama unachukua mzigo kwa msambazaji mwenye tovuti, mwombe akuweke kwenye orodha ya wauzaji wake. Hiyo ni linki ya haki na ni ya bure. Kujisajili biashara yako ionekane kwenye ramani ya Google nako ni bure, na wengi wenu bado hamjafanya.

Kama bado jamaa anakuvutia, muombe akuonyeshe kurasa tatu tu ambazo linki yako itakaa, kabla hujatuma hela. Zifungue. Angalia kama kuna mtu ametoa komenti, kama habari zinahusiana, kama wewe mwenyewe ungenunua kitu pale. Akikujibu kwamba hiyo ni siri ya kazi, hela yako ibaki kwenye simu.